Ukienda Ironbridge usianzie darajani: namna ya kuutembea mji wa chuma kwa siku moja

Watu wengi wa kwetu wanaoishi huku Uingereza ukiwaambia twende tukatembee mji wa zamani wanawaza Bath, York, Oxford, basi wameishia hapo. Mi nasema chukua Jumamosi moja uende Ironbridge, kamji kadogo kamebanana kwenye korongo la mto Severn huko Shropshire, nyumba zimepandiana juu ya kilima kama vile zinachungulia mtoni. Nimeshaenda mara nne. Mara ya kwanza niliharibu kabisa, nilifika, nikapiga picha lile daraja lao la chuma, kubwa la kwanza duniani la chuma cha kusubu, nikala aiskrimu, nikaangalia saa nikakuta dakika arobaini tu zimepita, nikajiuliza ndo hii? Kumbe nilianzia mwisho. Ilikuwa kama kufika harusini wakati watu wanarudisha viti.

Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga kwa kufuata njia ya chuma chenyewe, unaanzia tanurini kilipoyeyushwa, unashuka nacho mpaka mtoni, ndo unakuja kuliona daraja. Ukifuata hivyo utaelewa kwa nini watu wanatoka mbali kuja kutazama vyuma vyeusi vilivyopinda, na kwa nini UNESCO waliliweka lile korongo lote kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986.

Hatua ya 1: Siku na hali ya mto

Usiende kichwa kichwa. Makumbusho pale si jengo moja, ni majengo kadhaa yametawanyika bondeni kwa maili kadhaa, na hayafunguliwi yote kila siku, hasa kipindi cha baridi. Kabla hujakata tiketi ya treni ingia kwenye tovuti yao uangalie lipi liko wazi siku hiyo na linafungwa saa ngapi. Mi napendelea Mei, Juni au Septemba, mwanga upo, watoto wa shule wako darasani, na majani ya kule milimani yanapendeza. Agosti watu ni wengi mno.

Halafu angalia mto. Severn ndo mto mrefu kuliko yote Uingereza, kilomita 354 hivi, na unaanzia kwenye milima ya Wales, maana yake mvua ikipiga Wales unaweza kufika Ironbridge siku mbili baadaye jua linawaka na maji yako barabarani. Februari 2020 maji yalijaa mpaka yakazisukuma zile kuta za muda wanazosimamisha kuzuia mafuriko pale barabara ya mtoni, wakazi wakaambiwa wahame. Serikali ina tovuti ya tahadhari za mafuriko, andika jina la mji, dakika moja tu unajua. Ukiona tahadhari, ahirisha, daraja lipo toka 1779 halitakimbia wiki hii.

Hatua ya 2: Kufika

Ironbridge hamna stesheni ya treni siku hizi. Ilikuwepo, ng'ambo ya kusini ya mto, ikafungwa 1963 na pale ilipokuwa sa hivi ni maegesho ya magari. Unachofanya unashuka Telford Central. Ukitokea Birmingham New Street ni kama dakika 40 na kitu, Wolverhampton ni karibu nusu ya hapo, na ukitokea London panda Euston halafu ubadilishe Birmingham au Wolverhampton. Toka Telford Central mpaka Ironbridge ni kilomita kama 8.

Hapo sasa ndo panapowachanganya watu. Mabasi yapo ila si mengi, na Jumapili ni ya kuhesabu. Mimi Jumapili moja nilisimama kituoni saa nzima na robo nikiamini ratiba iliyobandikwa kwenye nguzo, kumbe ilikuwa ya msimu uliopita, mvua ile nyembamba ya Kiingereza inaninyeshea tu, isiyolowesha haraka lakini ikimaliza na wewe hata soksi zimelowa. Toka siku hiyo ratiba naiangalia kwenye simu, na kama tuko watatu au wanne tunachanga tunachukua teksi, inakuwa si mbaya. Mwambie dereva akupeleke COALBROOKDALE, kwenye makumbusho ya chuma, usiseme Ironbridge, maana ukisema Ironbridge atakushusha darajani na mpango wote utakuwa umeharibika.

Wenye gari zenu, maegesho yapo na yanalipiwa, mengi. Wikiendi ya jua ukifika baada ya saa tano asubuhi utazunguka sana.

Viatu: vya kutembelea kweli, vyenye kushika. Lile ni korongo, kila unakoenda ama unapanda ama unashuka, ngazi za mawe zikilowa zinateleza. Wenye vigari vya watoto na wanaotumia viti vya magurudumu, barabara ya mtoni iko tambarare na daraja linapitika, ila vichochoro vya kupanda kanisani achaneni navyo.

Hatua ya 3: Tanuri

Hapa ndo kwenye kiini cha safari, usiwe na haraka.

Coalbrookdale ni kabonde kadogo kanakoshuka kuingia Severn. Jirani na makumbusho ya chuma kuna jengo la kisasa lenye umbo la piramidi, kama hema kubwa, na ndani yake kuna gofu la matofali na mawe. Hilo gofu ndo tanuri la zamani ambalo mwaka 1709 Abraham Darby, bwana mmoja wa madhehebu ya Quaker aliyekuwa akifanya kazi ya shaba nyeupe Bristol, aliyeyushia chuma kwa makaa ya mawe badala ya mkaa wa miti.

Sasa ukisema hivyo mtu anaona ah, kawaida, si makaa tu. Subiri nikueleze kwa namna tunayoijua sisi. Mchoma mkaa wa kwetu anafanyaje? Anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anawasha moto halafu anaunyima hewa, kuni haziungui zikawa majivu, zinatoa moshi na maji zinabaki mkaa mwepesi unaowaka bila moshi. Darby na watu wake walifanya mambo hayohayo kwa makaa ya mawe. Makaa ya mawe mabichi yana salfa, na salfa ikiingia kwenye chuma kinakuwa na tabia ya kuvunjika. Ukiyapika kwanza kwa kuyanyima hewa, uchafu mwingi unatoka, yanabaki makavu, magumu, yana matundu matundu. Na bahati ya lile bonde makaa yake yalikuwa na salfa kidogo toka mwanzo, sehemu nyingine pengine asingefanikiwa.

Na ugumu huo ndo siri. Mkaa wa miti ukiurundika mwingi tanurini ukauwekea mawe ya chuma juu, unasagika, hewa haipiti. Makaa yaliyopikwa yanabeba mzigo. Kwa hiyo matanuri yakaweza kuwa makubwa, na hakuna tena kusubiri msitu uote upya ndo uyeyushe chuma. Vyote hivyo, reli, mashine za mvuke, meli za chuma, vinapita kwenye hilo tundu la matofali uliloinamia kuchungulia.

Ukiwa pale tafuta boriti za chuma zilizoshika matofali juu ya mdomo wa tanuri, kwenye moja imeandikwa jina Abraham Darby na mwaka 1777. Huyo si yule wa kwanza, ni mjukuu wake, Darby wa tatu, aliyelipanua tanuri. Mshike huyo kijana kichwani, tutakutana naye mtoni.

Kilichonigusa mimi si hata tanuri, ni vyungu. Darby mzee hakuja pale kutengeneza mabunduki wala reli, alikuja kutengeneza vyungu vya kupikia. Mwaka 1707 alikuwa na hataza ya namna ya kusubu vyungu vya chuma kwenye mchanga, yaani unabonyeza umbo mchangani, unamimina chuma kilichoyeyuka, kinatoka chembamba na cha bei ndogo kuliko vile vya shaba. Kwenye makumbusho utaviona, tumbo la duara na miguu mitatu mifupi, chungu kinatembea na mafiga yake. Ukimwonyesha bibi yangu hicho hataulizia mapinduzi ya viwanda, ataulizia kinapika wali wa watu wangapi.

Makumbusho yenyewe tenga kama saa moja na nusu. Ghorofa zimejaa vitu vya kusubu, mabenchi ya bustani, majiko, chemchemi ya mtoto na bata maji iliyosubiwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya 1851. Kazi ya kusubu chuma kwenye bonde hilo iliendelea zaidi ya miaka 300, kiwanda cha mwisho, kilichokuwa kikisubu vipande vya majiko ya Aga, kilifungwa Novemba 2017. Juzi tu hapo.

Hatua ya 4: Shuka mtoni kwa miguu

Usipande gari. Toka tanurini mpaka mtoni ni mteremko mtupu, dakika 20 hivi ukijivuta. Chini ukikaribia mto, sehemu inaitwa Dale End, utapita kiwanda cha Merrythought kinachotengeneza madubu ya kuchezea toka 1930. Kina duka. Bei zake zitakushtua, angalia tu.

Ukifika mtoni unakunja kushoto unafuata barabara inaitwa The Wharfage, na jina lenyewe linakwambia, ilikuwa gati. Pana ghala moja la matofali la mwaka 1834 lenye minara na madirisha ya kikanisa, mgeni anadhani ni kanisa kweli, kumbe ni bohari ya kampuni ya chuma. Simama mbele yake utazame mteremko wa kuelekea majini. Hapo ndo vyungu vilikuwa vinapakiwa.

Leo mto umetulia, bata wanaogelea, unaona ni mandhari. Zamani ilikuwa barabara kuu. Mashua za tanga zenye tumbo pana zilishuka na mzigo mpaka Bristol, na kupanda nazo dhidi ya mkondo walikuwa wanazivuta WATU, kundi la wanaume wamejifunga kamba mabegani wanatembea ukingoni kwa miguu, mpaka karne ya 18 inaisha ndo ikaja njia ya farasi. Nikiwaza hilo naangalia ule mkondo, unaonekana mpole juu, tupia jani uone linavyoondoka.

Na kwa sababu hiyohiyo usiogelee. Najua utasikia habari ya Captain Matthew Webb, mtu wa kwanza kuogelea toka Uingereza mpaka Ufaransa, 1875, ni kweli alizaliwa Dawley hapo jirani na mto huu ndo aliojifunzia. Ni sawa, lakini we si Webb.

Picha nyingi za zamani za korongo utaona minara minne mikubwa ya rangi ya waridi upande wa magharibi, ya kituo cha umeme. Usiitafute. Ililipuliwa Desemba 2019, yote minne kwa sekunde chache.

Hatua ya 5: Sasa daraja, na uanzie chini

Ukitembea Wharfage utaliona linajitokeza taratibu, tao moja la chuma la mita 30 na kitu, rangi yake nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee. Wengi tumezoea picha zake likiwa la kijivu. Lilipofanyiwa matengenezo makubwa 2017 na 2018 wataalamu walikwangua wakakuta rangi ya mwanzo ni hiyo nyekundu ya kahawia, ndo wakalirudishia.

Wenzio wote watapanda juu kupiga selfi. We shuka. Kuna njia za miguu ukingoni zinazopita chini ya daraja, simama hapo uinue shingo.

Hapa nimlete mjomba. Mjomba wangu ni seremala wa Tanga, miaka zaidi ya thelathini kwenye mbao, alikuja kututembelea mwaka juzi nikampeleka. Tanurini alisikiliza kwa adabu tu. Kufika chini ya daraja akanyamaza, akavua miwani akaifuta akaivaa tena, akaanza kunyoosha kidole.

“Unaona pale? Ule ulimi, umeingia tunduni. Pale wamepiga kabari. Na pale wamekata mkia, ili usichomoke ukivutwa.”

Nikamwambia mjomba hiyo ni chuma.

“Naona ni chuma. Ila huyu aliyelichora hakuwa mhunzi, mpwa. Huyu seremala mwenzangu.”

Nikacheka. Jioni nikaangalia, kumbe mzee yuko sawa. Aliyelichora ni Thomas Farnolls Pritchard, msanifu wa Shrewsbury, na kabla ya usanifu alijifunza useremala, baba yake pia seremala. Hakukuwa na mtu duniani aliyewahi kujenga daraja kubwa la chuma cha kusubu, kwa hiyo hakukuwa na namna ya kuunga chuma, wakatumia namna waliyoijua ya kuunga mbao. Vipande zaidi ya 1,700, tani 378 za chuma, na viungo vyake vikuu ni ulimi, tundu, mkia na kabari, si boliti wala riveti.

Mjomba akaongeza kitu kingine, “lakini chuma kimezidi, mtu akiogopa ndo anajenga hivi.” Na hapo pia hakukosea. Mwaka 1796 Thomas Telford, yule ambaye mji wa Telford umepewa jina lake, alijenga daraja lingine la chuma juu kidogo ya mto, Buildwas, refu kuliko hili, kwa chuma kisichofika hata nusu yake. Lile la Telford halipo tena. La kuogopa ndo limebaki. Mafuriko ya 1795 yalipovunja na kuharibu madaraja ya Severn juu na chini, hili halikupata hata mkwaruzo, tao lake liko juu na halina nguzo katikati ya maji, mto ukapita ukaenda zake.

Pritchard mwenyewe hakuliona. Alifariki Desemba 1777. Aliyelisimamisha ni yule kijana tuliyemshika kichwani, Darby wa tatu, hakuwa amefika miaka 30. Makadirio yalikuwa kama pauni 3,200, gharama zikapita, inasemekana mpaka kama 6,000, na yeye ndo alikuwa amekubali kubeba kilichozidi, akabaki na madeni mpaka anakufa 1789 na miaka 39 haijatimia. Matao yalisimamishwa majira ya joto 1779, barabara ikafunguliwa siku ya mwaka mpya 1781. Kwenye tao la nje kuna maandishi yaliyosubiwa humo humo kwenye chuma yanayosema lilisubiwa Coalbrookdale na kusimamishwa mwaka, halafu herufi MDCCLXXIX, hiyo ndo 1779 kwa Kirumi. Yatafute ukiwa chini, ukiwa juu huyaoni.

Kingine usichokiona ni kilicho chini ya maji. Kingo za lile korongo zinateleza, udongo unasukuma kuelekea mtoni toka pande zote mbili, na daraja likawa linabanwa kama mtu kakamata upinde pande mbili anaukunja. Miaka ya 1970 mwanzoni wakamwaga zege chini ya sakafu ya mto, ukingo kwa ukingo, lizuie kingo zisikaribiane. Ndo maana bado unasimama juu yake.

Haya, sasa panda. Kuvuka ni bure. Magari yalizuiwa 1934, ila waenda kwa miguu waliendelea kulipa mpaka 1950. Upande wa kusini kuna kijumba cha mtoza ushuru na ukutani kuna ubao wa bei, usome wote, ni utamu mtupu. Unataja magari ya farasi sita, ya farasi wanne, ng'ombe, nguruwe, mtu kwa miguu nusu peni, halafu chini inakuja kusema daraja hili ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo kila askari awe kazini asiwe kazini atalipa, na gari la posta litalipa, na familia ya kifalme nayo ITALIPA. Nimewahi kumsomea mtu ubao huu kwa simu akiwa Mwanza, amecheka mpaka kikohozi.

Waliokataa kulipa walikuwa na njia yao, vimtumbwi vya duara kama ungo, mtu mmoja anabeba mgongoni kama kobe. Walivukia humo, na wengine inasemekana waliwindia sungura usiku humohumo.

Hatua ya 6: Kula

Mji una mikahawa na baa za kutosha kuzunguka uwanja mdogo mbele ya daraja. Nawatahadharisha ndugu zangu Waislamu na wengine wanaojiepusha, paii inayosifiwa sana pale ni ya nguruwe, kwa nje inafanana na ya kuku, uliza kabla hujang'ata. Chipsi na samaki nazo, uliza zimekaangwa kwa mafuta gani, maeneo ya kihistoria kama haya hupenda mafuta ya ng'ombe kwa namna ya zamani. Sisi siku hizi tunabeba chapati na maharage ya nazi kwenye kontena, tunakaa kwenye mabenchi ukingoni, na hakuna aliyewahi kutuuliza kitu zaidi ya mama mmoja wa Kizungu aliyeuliza harufu hiyo ni ya nini, tukampa kipande.

Hatua ya 7: Mchana, chagua moja

Hapa usiwe na tamaa. Mchana mmoja hautoshi vyote.

Kama una watoto, nenda Blists Hill. Ni mji wa kuigiza wa enzi za Malkia Victoria, majengo mengine yaliyokuwepo palepale, mengine yamehamishwa toka kwingine, na wafanyakazi wamevaa nguo za wakati huo wanafanya kazi kweli, mishumaa, uhunzi, uchapaji. Tiketi yake si rahisi na panakula nusu siku nzima, kwa hiyo ikibidi kata muda wa makumbusho ya asubuhi, ila tanuri usiliruke. Ukiingia anzia benki, unabadilisha pauni zako unapewa sarafu za mfano wa zamani, peni, nusu peni, shilingi. Mwanangu alivyopewa akaniangalia, “Baba, hii si ya kwenu?” Ikabidi nikae chini nimweleze kwamba pauni ilikuwa na shilingi 20 na shilingi ina peni 12, Waingereza wakaileta shilingi Afrika Mashariki miaka ya 1920, halafu wao wenyewe mwaka 1971 wakaiacha, sisi tukabaki nayo. Akanunua peremende kwa peni tatu.

Kule mwisho wa Blists Hill kuna kitu watu wanakipita, mteremko wenye reli unaoshuka kuelekea Coalport. Ile ilikuwa lifti ya mashua. Juu kuna mfereji, chini kuna mfereji, tofauti ya urefu ni futi 207, basi mashua zilipakiwa kwenye vigari, iliyojaa ikishuka inaivuta iliyo tupu kupanda. Miaka ya 1790 hiyo.

Kama huna watoto, au umeshaenda Blists Hill, tembea. Toka darajani fuata mto kuelekea mashariki, utapita matanuri ya Bedlam pembeni ya barabara, magofu ya mwaka 1757, bure kabisa. Endelea mpaka daraja la magari, wenyeji wanaliita la bure kwa sababu lililojengwa hapo 1909 halikutoza ushuru, hili la sasa ni la miaka ya 1990. Vuka kwenda Jackfield. Huko ni vigae, marumaru za kupaka rangi, kulikuwa na viwanda vilivyouza dunia nzima, na kwenye majengo ya Craven Dunnill mpaka leo vinatengenezwa, pamoja na vya kurudishia kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London. Makumbusho yake ndo ninayoyapenda kuliko yote, chumba baada ya chumba kuta zinang'aa, kuna vigae vya bucha, vya kanisa, vya wodi ya watoto. Kijiji chenyewe kimekunjamana, mwaka 1952 ardhi iliteleza ikaondoka na nyumba na njia ya reli.

Ukitoka hapo songa mbele kidogo mpaka baa ya Boat Inn, angalia mlangoni, wamechora alama za mafuriko yalifika wapi mwaka gani, mengine yanapita kifua cha mtu mzima. Mbele yake kuna daraja la miguu la 1922 la kukumbuka waliokufa vita vya kwanza vya dunia. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko, na usiku mmoja wa 1799 kilipinduka kikiwa na wafanyakazi wanarudi toka kiwanda cha vyombo vya udongo cha Coalport, wakafa 28. Vuka polepole. Ng'ambo ndo Coalport yenyewe, tanuri zake zenye umbo la chupa bado zimesimama.

Hatua ya 8: Kurudi

Rudi kwa ng'ambo ya kusini, njia ya reli ya zamani, tambarare, kivuli, unatokea kwenye kijumba cha ushuru. Ukiwa na nguvu imebaki vuka mji upande ngazi za kanisa la St Luke, ukikaa pale juu jua linaposhuka daraja lote liko chini yako na kivuli chake majini kinafunga duara.

Ila angalia saa. Basi la mwisho la kurudi Telford huondoka mapema kuliko unavyotarajia, na teksi za kuzuia barabarani hakuna, kwa hiyo namba ya teksi iweke kwenye simu toka asubuhi ukiwa Telford, na uiite ukiwa juu kanisani, maana chini korongoni mtandao wa simu sehemu nyingine unakata. Sisi na mjomba tuliisubiri darajani. Nilimkuta ameinama kwenye ukingo, anapapasa kiungo kimoja kwa dole gumba, ananiuliza hivi walipima na nini hawa.